Vilhelm Bjerknes

Vilhelm Friman Koren Bjerknes (Christiania, leo Oslo, 14 Machi 1862 – Oslo, 9 Aprili 1951) alikuwa mwanafizikia na mtaalamu wa metorolojia kutoka nchini Norwei. Anahesabiwa kati ya waanzilishi wa utabiri wa kisasa wa hali ya hewa.

Maisha

Baba yake, Carl Anton Bjerknes, alikuwa profesa wa hisabati, na Vilhelm alianza mapema kumsaidia katika majaribio ya mwendo wa vimiminika. Baadaye alikuwa msaidizi wa Heinrich Hertz mjini Bonn, Ujerumani, kisha akawa profesa mjini Stockholm, Uswidi. Mwaka 1898 alitoa kanuni ya mzunguko, inayosaidia kueleza mikondo ya hewa na ya maji ya bahari.

Mwaka 1904 alieleza kwamba hali ya hewa ya kesho inaweza kukokotolewa, mradi hali ya leo na kanuni za fizikia zinazoiongoza zijulikane kwa usahihi. Lakini vipimo vilikuwa vichache, na hesabu zenyewe zilikuwa nzito mno kufanywa kwa mkono.

Mwaka 1913 aliongoza taasisi mpya ya jiofizikia mjini Leipzig. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikawachukua wasaidizi wake jeshini, na njaa ikaingia mjini. Mwaka 1917 alirudi Norwei na kufanya kazi mjini Bergen.

Matungamo ya hewa na fronti

Kwa sababu ya vita, taarifa za hali ya hewa kutoka Uingereza na baharini zilikatika. Nafaka kutoka ng'ambo nayo ilipungua, hivyo wakulima walihitaji sana utabiri wakati wa mavuno. Mwaka 1918 Bjerknes alipata msaada wa serikali, akaongeza sana vituo vya upimaji magharibi mwa nchi.

Wingi wa vituo ulionyesha jambo ambalo ramani za awali hazikulionyesha vizuri. Mwanawe Jacob, aliyekuwa na umri wa miaka 20, pamoja na Halvor Solberg na Tor Bergeron, walitambua kwamba matungamo makubwa ya hewa, moja baridi na jingine lenye joto, yakikutana hayachanganyiki upesi. Kati yake hubaki mpaka mwembamba. Mpaka huo uliitwa fronti, kwa mfano wa mstari wa mapigano vitani.

Katika fronti ya joto, hewa yenye joto hupanda polepole juu ya hewa baridi, na mara nyingi huleta mawingu mapana na mvua ya muda mrefu. Katika fronti ya baridi, hewa baridi iliyo nzito hupenya chini ya hewa yenye joto na kuiinua kwa haraka. Hapo mvua huwa kubwa na fupi, pengine na radi. Elimu hiyo hufaa hasa kwa nchi zilizo kati ya tropiki na ncha za dunia.

Urithi

Bjerknes alihamia Oslo mwaka 1926 na kustaafu mwaka 1932. Mwaka 1950, akiwa bado hai, kompyuta ilitumika Marekani kwa mara ya kwanza kukokotoa utabiri, kama alivyopendekeza mwaka 1904. Jacob naye alihamia Marekani, na katika miaka ya 1960 alieleza uhusiano wa bahari na anga unaosababisha El Niño, ambayo mara nyingi huongeza mvua za vuli Afrika Mashariki. Kasoko moja ya Mwezi ina jina la Bjerknes.