Daktari Snellen na Herufi Zake

Bila shaka nawe umewahi kusimamishwa mbele ya ile chati ya herufi, kiganja kimefunika jicho moja. Mimi yalinipata nikiwa kidato cha pili. Ile herufi kubwa ya juu niliisoma. Zilizofuata, ukungu mtupu! Nikaambiwa macho yangu ni 6/60, nami nikadhani nimefeli, maana hiyo ni asilimia kumi tu, bwana. Nikaanza kumtafuta aliyetutungia mtihani huo.

Ni Herman Snellen, aliyezaliwa tarehe 19 Februari 1834 mjini Zeist, Uholanzi. Alisomea udaktari huko Utrecht, akahitimu mwaka wa 1858, mwaka uleule ambao mwalimu wake, Profesa Franciscus Donders, alianzisha hospitali ya macho mjini humo. Snellen akafanya kazi hapo kwa miaka mingi.

Siku hizo madaktari walipima macho kwa maandishi ya kawaida ya vitabuni, kila mmoja na yake. Snellen alitaka kipimo kisichobadilika, kama rula. Mwaka wa 1862 akatoa herufi alizozichora ndani ya miraba mitano kwa mitano, unene wa kila mstari ukiwa mraba mmoja. Ukubwa wake aliukokotoa hivi: kwa umbali uliowekwa, herufi nzima ifanye pembe ya dakika 5 jichoni. (Wanahesabu, mpo?) Kwa hiyo 6/60 si alama hata kidogo! Ni kwamba ninachosoma nikiwa mita 6, mwenye macho mazima hukisoma akiwa mita 60. Wamarekani wanaohesabu kwa futi husema 20/20 pale tunaposema 6/6.

Mwaka wa 1877 alifanywa profesa, na 1884 akawa mkuu wa hospitali ile. Alifariki tarehe 18 Januari 1908. Mwanawe, Herman vilevile, naye akawa daktari wa macho.

Basi nikapata miwani, nikasoma hadi mstari wa 6/6. Ajabu ni kwamba jioni, ubao ukiwa umejaa vumbi la chaki, bado nilichanganya 3 na 8. Wenzangu wakasema ati najifanya. Kumbe herufi za Snellen ni nyeusi tititi juu ya nyeupe pepe, na ubao wetu si hivyo! Mwaka wa 1988 Pelli, Robson na Wilkins walitoa chati nyingine: herufi zote zina ukubwa mmoja, ila zinafifia kidogo kidogo hadi zinamezwa na weupe. Watu wawili wanaweza kulingana kwa Snellen wakaachana hapo. Baadhi yetu tusioona mbali kabisa hushindwa na kilichofifia hata tukivaa miwani.

Nilimweleza mwalimu wa hisabati haya yote. Siku hizi dasta yetu huoshwa kila Ijumaa, na mwoshaji ni mimi.