Beijerinck, Mholanzi aliyewapikia bakteria wa maharage

Ukichimbua mche wa maharage polepole bila kukata mizizi, utaona vinundu vidogo vimeshikamana nayo. Kipasue kimoja kwa ukucha. Ndani kikiwa na rangi ya pinki au nyekundu, kazi inaendelea: humo wanaishi bakteria wanaochukua nitrojeni ya hewani na kuupa mmea, nao mmea unawalipa kwa sukari. Ndiyo sababu wazee wetu walichanganya mahindi na maharage kabla hata ya mbolea ya dukani kufika vijijini.

Lakini nani aliwatoa bakteria hao ndani ya kinundu na kuwaotesha peke yao, ili watu waweze kuwachunguza na hatimaye kuwauza kwenye pakiti? Makala yetu ya leo yanamhusu Martinus Willem Beijerinck wa Uholanzi. Jina lake hutamkwa karibu na "Beyerink".

Alizaliwa Amsterdam tarehe 16 Machi 1851. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku, biashara ikaanguka, akafilisika. Mtoto alikua akipenda mimea, akasoma Delft na kisha Leiden, akafundisha katika shule ya kilimo ya Wageningen. Mwaka 1885 alichukuliwa na kiwanda cha hamira na pombe kali cha mjini Delft, wakamjengea maabara. Hapo ndipo, akiwa mwajiriwa wa kiwanda cha hamira, alipoanza kuhangaika na vinundu vya maharage. Tunawapongeza wenye kiwanda kwa uvumilivu wao.

Wakati huo Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walikuwa wameshaonyesha kwamba mimea ya jamii ya mikunde hupata nitrojeni kwa msaada wa vijidudu vilivyo kwenye vinundu. Kilichokosekana ni kijidudu chenyewe. Na kumpata si kazi rahisi. Kijiko kimoja cha udongo kina bakteria wengi sana wa aina nyingi, na maabara nyingi za siku zile ziliwaotesha bakteria kwenye supu nzito ya nyama. Ukiweka supu ya namna hiyo, wanaofika kwanza ni wale walafi wanaokua haraka. Bakteria wa maharage hukua taratibu. Kabla hajajitokeza, sahani imeshajaa wengine.

Beijerinck alifikiri hivi: kama kiumbe huyu anaishi ndani ya mmea wa maharage, basi apewe chakula cha mmea wa maharage, tena kidogo. Akachemsha mimea ya jamii hiyo, akachuja maji yake, akaongeza sukari kidogo na asparajini, ambayo ni kirutubisho kinachopatikana kwa wingi katika mimea ya aina hiyo. Ili mchuzi huo ugande, alitia gelatini inayotokana na mifupa na ngozi za wanyama. Akaumimina, akauacha upoe, akachukua utomvu wa ndani ya kinundu kilichosafishwa vizuri na kuupaka juu yake. Vikajitokeza vidoa vidogo vyeupe. Ulikuwa mwaka 1888, na bakteria wa maharage alikuwa amepatikana akiwa peke yake. Miaka miwili baadaye Beijerinck alieleza jinsi alivyowarudisha bakteria hao kwenye mimea, nayo ikaota vinundu.

Maabara za leo bado hufuata wazo lilelile, ingawa vipimo vimebadilika. Kwa lita moja ya maji safi yaliyotoneshwa hutiwa gramu 10 za manitoli, ambayo ni jamaa ya sukari, nusu gramu ya dondoo ya hamira, nusu gramu ya chumvi ya fosfeti, magnesiamu sulfeti gramu 0.2 na chumvi ya kawaida gramu 0.1. Badala ya gelatini hutumika agari, gramu 15, inayotokana na mwani. (Mwani unaolimwa Zanzibar hutoa kitu kingine cha kugandishia, si agari.) Mchanganyiko hupikwa kwenye chombo cha mvuke wenye shinikizo, nyuzi joto 121 kwa dakika 15, ili chochote kilichokuwa hai ndani yake kife. Wengine hutia rangi nyekundu kidogo: bakteria wengi huinyonya na kuwa wekundu, lakini wa vinundu hubaki weupe au pinki hafifu, hivyo mgeni anatambulika kwa macho. Wenye kasi huonekana baada ya siku tatu hadi tano. Wa soya huchukua wiki nzima au zaidi, na asiye na subira huishia kutupa sahani iliyokuwa na alichokitafuta.

Mwaka 1895 Beijerinck alikuwa profesa Delft, na hapo akaikamilisha njia yake. Alitengeneza chakula chenye sukari na fosfeti bila nitrojeni yoyote, akatupia udongo kidogo wa bustani, akaweka mahali pa joto. Asiyeweza kujitafutia nitrojeni hewani alikaa na njaa. Aliyeweza alistawi, akafanya utando juu ya maji. Hivyo ndivyo alivyompata Azotobakta, na akamtangaza mwaka 1901. Haki itendeke: Sergei Winogradsky kule Urusi alikuwa ameshatumia ujanja wa aina hiyo kabla yake.

Kati ya kazi hizo mbili, mwaka 1898, mtoto huyu wa mfanyabiashara wa tumbaku alieleza kwamba ugonjwa wa batobato wa tumbaku unaletwa na kitu kinachopenya kichujio kinachozuia bakteria, na ambacho hakioti kwenye chakula chochote cha maabara. Alikiita virusi.

Kuishi naye haikuwa rahisi. Hakuoa, aliamini mtu wa sayansi hapaswi kuoa, na wanafunzi waliogopa ulimi wake. Alistaafu mwaka 1921, akahamia kijiji cha Gorssel kuishi na dada zake, na huko akafariki tarehe 1 Januari 1931.

Bakteria wa vinundu sasa wanaoteshwa pia kwetu, kwa mfano Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na wakulima huwapata kwenye pakiti za kuchanganya na mbegu. Tunakumbusha mambo mawili. Pakiti ya soya haifai kwa maharage, kwa sababu mazao hayo mawili hutumia bakteria tofauti. Na waliomo ni viumbe hai: wakikaa juani kwenye kaunta ya duka, au kwenye mfuko mmoja na mbolea ya chumvichumvi, wanakufa, na pakiti haibadiliki rangi wala harufu. Utajua tu mmea unapokaribia kutoa maua, ukichimbua mche mmoja au miwili na kupasua kinundu.