Miaka 29 Bila Kwenda Nyumbani

Wiki jana fundi wetu wa mjengo wa kanisa aliniomba wiki mbili aende kwao. Nikamkatalia. Mimi nilisomea biashara, na kwa hesabu zangu siku ambayo fundi hayuko mjengoni ni hasara. Lakini usiku usingizi ulikataa, nikawa namuwaza Johannes Rebmann.

Mjerumani huyu alifika Mombasa mwaka 1846, akiwa na miaka 26, kusaidiana na Ludwig Krapf. Wakaanzisha kituo cha misheni Rabai. Tarehe 11 Mei 1848 akauona Kilimanjaro na theluji yake, na huko Ulaya kuna wasomi waliokataa kumwamini. Theluji itoke wapi karibu na ikweta? Lakini kazi yake ndefu haikuwa safari. Ilikuwa kukaa Rabai akikusanya maneno ya Kiswahili, Kinyika na Kinyasa, moja moja, mwaka baada ya mwaka.

Krapf alienda Ulaya 1850, akarudi 1851. Mwaka 1853 afya ikamshinda, akaondoka, ila kazi ya lugha hakuiacha mpaka uzee. Rebmann alibaki. Mtoto wake alikufa akiwa mchanga. Mkewe Emma akafariki 1866. Bado akabaki. Macho yakaanza kufifia, na bado yuko na kamusi zake. Sisemi kukosa mapumziko ndiko kulimpofusha, mimi si daktari. Nasema tu miaka 29 bila kwenda kwao hata mara moja ni mingi.

Alirudi 1875, karibu kipofu, akisindikizwa na Isaac Nyondo wa Rabai. Oktoba 1876 akafariki, miaka 56 tu. Kamusi yake ya Kinyasa ilitoka 1877, yeye hayuko. Aliyeitayarisha ichapwe ni Krapf, yule aliyeenda nyumbani.

Rebmann nimemhubiri mara nyingi kama mfano wa bidii. Hapo kwa Krapf nilikuwa napita haraka.

Jumatatu asubuhi nilimpigia fundi simu, nikamwomba msamaha. Ashapanda matatu ya Butere, plasta ya ukuta wa nyuma itangoja. Sasa kina mama wa jikoni wananiuliza zamu yao ni lini.