Ghassan Kanafani: Mwandishi na Watoto wa Vita

Ghassan Kanafani, mmoja wa waandishi wakubwa wa Kipalestina wa karne ya 20, alizaliwa mjini Akka tarehe 9 Aprili 1936, akiwa mwana wa wakili. Alisoma Jaffa katika shule ya wamishenari wa Kifaransa. Siku aliyotimiza miaka 12, yaani 9 Aprili 1948, wapiganaji wa makundi ya Irgun na Lehi walikivamia kijiji cha Deir Yassin, karibu na Yerusalemu, wakawaua zaidi ya watu 100, watoto wakiwemo. Mkewe alikuja kusimulia kwamba tangu hapo Kanafani hakuisherehekea tena siku yake ya kuzaliwa. Mwaka huo huo jamaa zake walikimbilia Lebanoni, kisha Dameski, wakawa wakimbizi.

Akiwa bado kijana, aliajiriwa kufundisha katika shule ya UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa linalowahudumia wakimbizi wa Kipalestina. Mtaala ulimtaka awafunze watoto kuchora tofaa na ndizi. Wengi wao hawakuwa na mazoea ya matunda hayo, kwa hiyo aliufuta mchoro ubaoni na kuwaambia waichore kambi yao. Nadhani hapo ndipo ilipoanzia nadharia yake ya fasihi, kabla hajaandika kitabu chochote.

Alifundisha Kuwait kwa miaka kadhaa, ambako aligundulika kuwa na kisukari. Mwaka 1960 alihamia Beirut, akawa mwanahabari, na mwaka uliofuata akamwoa Anni, mwalimu kutoka Denmark. Riwaya yake fupi ya wanaume watatu wanaokufa ndani ya tangi la lori wakivuka mpaka kutafuta kazi ilichapishwa mwaka 1963. Ndiyo inayosomwa zaidi vyuoni.

Hata hivyo, kwa mada ya watoto, kazi yake nzito zaidi ni ile ya 1969 kuhusu mume na mke wanaorudi Haifa baada ya vita vya 1967. Walikuwa wamemwacha mtoto wao mchanga humo mwaka 1948 katika vurugu za kukimbia. Nyumba yao sasa anaishi Miriam, Myahudi aliyetoka Poland, na mtoto wao amelelewa naye, akawa askari wa Israeli. Mwandishi angeweza kumsawiri Miriam kama adui tu. Badala yake anamwonyesha barabarani Haifa akiwatazama askari wa Kiyahudi wakiutupa mwili wa mtoto wa Kiarabu ndani ya gari. Miriam anamkumbuka ndugu yake mdogo aliyeuawa na Wajerumani, na anatamani kuihama nchi hiyo. Kanafani alimkabidhi mama huyu, na si mhusika wa Kipalestina, kazi ya kumwona mtoto aliyeuawa kuwa ni mtoto. Sijui uamuzi wa kisanaa uliohitaji ujasiri zaidi ya huo katika fasihi ya mgogoro huu.

Maisha yake nje ya vitabu hayakuwa mepesi kuyapima. Alikuwa msemaji wa chama cha PFLP na tangu 1969 mhariri wa jarida lake, al-Hadaf. Tarehe 30 Mei 1972 Wajapani watatu walioshirikiana na chama hicho waliwafyatulia risasi abiria katika uwanja wa ndege wa Lod nchini Israeli. Watu 26 waliuawa, wengi wao mahujaji kutoka Puerto Rico. Msomaji wa riwaya ya Haifa hana budi kuyaweka mambo haya mawili mezani pamoja.

Asubuhi ya tarehe 8 Julai 1972 bomu lililotegwa ndani ya gari lake lililipuka nje ya nyumba yake Beirut. Mauaji hayo huhusishwa na shirika la ujasusi la Israeli, Mossad. Kanafani alikuwa na miaka 36. Pamoja naye alikufa mpwa wake Lamis, mwenye miaka 17, ambaye hakuwa msemaji wa chama chochote.

Baada ya kifo chake alitunukiwa Tuzo ya Lotus ya waandishi wa Afrika na Asia, ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliipata mwaka 1973. Mwaka 1974 wakfu wenye jina lake ulianzishwa, nao ukafungua shule za chekechea katika kambi za Lebanoni. Miongoni mwa vitabu alivyoacha ni hadithi ya binti mfalme anayetakiwa kuliingiza jua ndani ya kasri. Aliitunga na kuichora kwa mkono wake mwaka 1963, iwe zawadi kwa Lamis alipotimiza miaka minane.