Henry Ford, mzee aliyejitengenezea washindani

Wenzetu wa uhandisi wanaweza kubishana hadi usiku wa manane pikapu ipi ya Kimarekani ni kiboko: Ford, Chevrolet au Dodge, ambayo siku hizi inauzwa kwa jina la Ram. Mimi ni mtu wa ualimu, hata tairi sijawahi kubadilisha, ila nimesoma sana maisha ya Henry Ford na kuna jambo moja haliniishi kichwani. Wapinzani wakubwa waliomtoa jasho huyu mzee, wengi walianzia mezani kwake. Walikula naye, wakakosana naye, wakaenda kutengeneza magari ya kumshinda.

Alizaliwa tarehe 30 Julai 1863 kwenye shamba karibu na Dearborn, jimbo la Michigan. Kilimo hakukipenda hata kidogo. Akiwa na miaka 16 akaenda Detroit kujifunza ufundi wa mashine, baadaye akawa mhandisi wa kampuni ya umeme ya Edison. Mwaka 1896 akamaliza gari lake la kwanza kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba aliyopanga. Lahaula, gari pana kuliko mlango! Ikabidi ashike shoka abomoe ukuta ndipo alitoe.

Kampuni yake ya kwanza ilikufa. Ya pili aliiacha mwaka 1902 baada ya kukosana na wenye mtaji, nao wakabaki na fundi makini, Henry Leland, wakaibadilisha jina ikawa Cadillac. Huyo tayari ni mshindani mmoja, na Ford mwenyewe bado hajauza gari la maana.

Juni 1903 ikaanzishwa Ford Motor Company. Mtaji ulikuwa mdogo, kwa hiyo ndugu wawili wenye karakana yao, John na Horace Dodge, wakakubali kumtengenezea injini na gia, wakapewa asilimia 10 ya hisa. Yaani magari ya mwanzo ya Ford, sehemu kubwa ya chuma chake ilitoka kwa akina Dodge. Model T ikatoka 1908, na mwaka 1913 kiwanda cha Highland Park kikaanza kuunganisha magari yakiwa yanasogea: fremu moja iliyokuwa inakula zaidi ya saa 12 ikawa inamalizika kwa kama saa moja na nusu. Mwaka uliofuata akatangaza mshahara wa dola 5 kwa siku. Habari hii watu hupenda kuisimulia kama ukarimu mtupu. Mimi naona tukumbuke pia kwamba wafanyakazi walikuwa wanaikimbia kazi ile ya kuchosha, na alihitaji kuwashika.

Pikapu nazo hazikuanzia ofisini kwake. Wakulima walikuwa wanakata nyuma ya Model T na kupachika sanduku la mbao la kubebea mazao. Ford akatoa lori la tani moja mwaka 1917, na 1925 akauza Model T yenye bodi ya pikapu kutoka kiwandani, kwa dola 281.

Wakati huo akina Dodge walishaondoka. Tangu 1914 walikuwa wanauza gari la jina lao, huku bado ni wanahisa wa Ford. Mwaka 1916 Ford akasimamisha gawio nono, akidai fedha ziende kupanua kiwanda na kushusha bei. Wakampeleka mahakamani. Mwaka 1919 akaamriwa kuwalipa wanahisa zaidi ya dola milioni 19, naye kwa hasira akawanunua wenzake wote. Akina Dodge peke yao wakaondoka na dola milioni 25. Wote wawili walifariki 1920, lakini jina lao lilishaingia barabarani.

Halafu kuna William Knudsen, mhamiaji kutoka Denmark aliyempangia Ford viwanda vingi. Mzee alizoea kutengua maagizo yake, akachoka, akaondoka 1921. Miaka mitatu baadaye anaongoza Chevrolet. Mwaka 1926 Ernest Kanzler, shemeji wa mtoto wa Ford, akamwandikia mzee kwa adabu zote kwamba Model T imepitwa. Akafukuzwa. Mwaka 1927 Chevrolet ikampita Ford kwa mauzo, na Ford akafunga viwanda kwa miezi kadhaa ili aandae Model A.

Ninapomkasirikia hasa ni kwa Edsel, mwanawe wa pekee. Alikuwa rais wa kampuni tangu 1919, lakini kwa jina tu. Edsel alitaka breki za mafuta. Wengine walishaziweka, Ford zikaja 1939. Nguvu alipewa Harry Bennett, ambaye watu wake waliwapiga wanachama wa chama cha wafanyakazi nje ya kiwanda mwaka 1937. (Na sitaficha: gazeti la Ford lilieneza chuki dhidi ya Wayahudi miaka ya 1920.) Edsel alifariki kwa saratani ya tumbo mwaka 1943, akiwa na miaka 49. Baba akarudi kwenye kiti, akikaribia miaka 80 na akili imechoka.

Walioweza kumtoa ni wanawake wa nyumbani. Mke wake Clara na Eleanor, mjane wa Edsel, walimbana hadi Septemba 1945 akamwachia mjukuu, Henry Ford wa Pili, kijana wa miaka 28. Mzee alifariki tarehe 7 Aprili 1947. Usiku huo mto ulikuwa umefurika na umeme wa nyumba yake umekatika, kwa hiyo fundi wa zamani wa kampuni ya Edison alikata roho kwa mwanga wa mishumaa na taa za mafuta.

Januari 1948 zikazinduliwa pikapu za F-Series, ambazo Ford anaziuza mpaka leo. Kusimamia kampuni pamoja naye, mjukuu alikuwa ameshamwajiri Ernest Breech, mtu aliyekulia kikazi General Motors, wenye Chevrolet.