Enoch Sontonga, Mwalimu Aliyetunga Sauti ya Wimbo Wetu wa Taifa

Siku ya uchaguzi ikipita na kura zikianza kuhesabiwa, watu wa Moshi mjini na wa vijijini, tangu Machame hata Rombo, hukesha wakingoja matokeo. Kila chama kina nyimbo zake za kuwasifu wagombea, wala si vibaya kuzifurahia. Lakini uko wimbo mmoja ulio mali ya aliyeshinda na aliyeshindwa pia, nao ni Wimbo wa Taifa. Sote twauimba, bali ni wachache wanaojua habari za mtu aliyetunga sauti yake. Yafaa tuzijue, maana alikuwa mwalimu wa shule.

Jina lake ni Enoch Sontonga, Mxhosa wa Afrika Kusini. Alizaliwa yapata mwaka 1873 katika mji wa Uitenhage, nchi ya Cape. Alisomea ualimu Lovedale, kisha akapelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg. Migodi ya dhahabu ilikuwa imewavuta huko Waafrika kwa maelfu, nao waliishi kwa taabu na kudharauliwa. Katika nchi hiyo ya Transvaal Mwafrika hakuwa na kura. Sontonga alioa mke, Diana, wakapata mtoto mmoja.

Kazi aliyoipenda hasa ni kwaya. Aliwatungia wanafunzi wake maneno na sauti, akaziandika katika daftari kwa do-re-mi. Nyimbo zake nyingi zilikuwa za huzuni, kwa ajili ya mateso aliyoyaona. Mwaka 1897 alitunga mmoja wa kuiombea Afrika baraka, wenye ubeti mmoja na kiitikio. Uliimbwa hadharani mara ya kwanza mwaka 1899, katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji Mwafrika.

Mwalimu huyu hakujaliwa kuona matunda ya kazi yake. Alifariki tarehe 18 Aprili 1905, akiwa na umri wa miaka 32 tu. Viongozi wa kwaya walikuwa wakienda kwa mjane wake kuazima nyimbo, na mwishowe daftari lile likapotea. Kaburi nalo likasahauliwa. Wimbo haukupotea, kwa kuwa ulikuwa umekwisha kuingia vinywani mwa watu.

Tarehe 8 Januari 1912 uliimbwa Bloemfontein, kwenye mkutano uliounda chama kilichoitwa baadaye ANC, na mwaka 1925 chama hicho kikaufanya wimbo wake. Hivyo sala ya watoto wa shule ikawa wimbo wa siasa, ukavuka mipaka. Tanganyika iliupokea kwa maneno ya Kiswahili, na tarehe 9 Desemba 1961 ukawa Wimbo wa Taifa. Usiku huo wa Uhuru Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge kileleni mwa mlima wetu. Zambia nayo iliichukua sauti hiyo mwaka 1964, kwa maneno mengine.

Kwao Sontonga walingoja zaidi. Mwezi wa Aprili 1994 watu wa rangi zote walipiga kura pamoja kwa mara ya kwanza, na mwaka huo wimbo wake ukawa mmoja wa nyimbo mbili za taifa. Kaburi lake nalo likatafutwa katika makaburi ya Braamfontein, na tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela akafunua ukumbusho wake.

Basi twaona kwamba mtu asiyekuwa na kura aliiombea Afrika yote baraka, wala hakumtaja wa chama hiki au kile. Usiku wa matokeo, nyimbo za vyama zikiisha, na tusimame wima tuuimbe huu kwa heshima, hata ikiwa mtu wetu ameshindwa. Na mwalimu akitufundisha wimbo darasani tusidharau, kwani hapana ajuaye utafika wapi.