Kabla ya sanamu na ndege, Francis alikuwa kijana wa raha

Bila shaka umewahi kuiona ile sanamu. Mwanamume mwembamba, joho la kahawia, kamba kiunoni, ndege ametua begani. Ukiitazama unadhani Mtakatifu Francis wa Assisi alizaliwa akiwa mpole hivyo. Wapi! Jamaa alikuwa kijana wa mjini kama mimi na wewe, tofauti ni kwamba kwao pesa haikuwa shida.

Alizaliwa Assisi, Italia, mwaka wa 1181 au 1182. Alibatizwa Giovanni, lakini babake, Pietro di Bernardone, akambandika jina Francesco na likamkaa. Mzee aliuza vitambaa vya bei ghali, na kijana alijua kuitumia hiyo faida: nguo kali, karamu za usiku, marafiki anaowalipia kila kitu. Ndoto yake ilikuwa kuwa shujaa wa vita.

Mwaka wa 1202 akaenda vitani, Assisi dhidi ya mji jirani wa Perugia. Wakachapwa vibaya. Francis akatekwa na kukaa kizuizini karibu mwaka mzima. Baada ya kurudi aliugua kwa muda mrefu, na zile raha za zamani hazikumnogea tena. Alijaribu kwenda vita vingine, akafika mji wa Spoleto, akageuka. Hebu fikiria aibu ya kurudi mtaani baada ya kuaga watu wote kwa mbwembwe.

Hapa ndipo wengi huruka wakisimulia. Enzi hizo wagonjwa wa ukoma walifukuzwa nje ya miji, na Francis aliwaogopa na kuwachukia kupindukia. Siku moja, akiwa juu ya farasi, alikutana na mmoja wao. Badala ya kukimbia alishuka, akampa pesa, akambusu. Kisha akaanza kwenda kwao, kuwahudumia na kuosha vidonda vyao. Usidhani haya ni mapambo ya hadithi tu. Katika wosia aliouacha mwaka wa 1226, Francis mwenyewe anasema mabadiliko yake yalianzia kwa watu hao. Si kwa ndege.

Halafu mambo yakachacha nyumbani. Alichukua vitambaa vya mzee, akaviuza pamoja na farasi, akitaka pesa zikarabati kanisa bovu la San Damiano. Pietro alipandwa na hasira, akamfungia ndani, mwishowe akamshtaki mbele ya askofu. Francis alirudisha pesa, akavua nguo zote mbele ya umati, akamkabidhi babake na kumkana. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo najua macho ya mzazi aliyewekeza kwako yanavyochoma. Ndiyo maana sioni Pietro kama adui. Alimpoteza mwana mchana kweupe. Na usinisome vibaya, sikuambii uache masomo.

Wenzake walianza kumfuata mmoja mmoja. Mwaka wa 1209 wakaenda Roma, na Papa Innocent III akakubali kwa mdomo waishi maisha hayo ya ufukara. Mwaka wa 1212 msichana wa familia tajiri, Clare, alitoroka kwao usiku akajiunga na mwito huo. Mwaka wa 1219, Vita vya Msalaba vikipamba moto Damietta, Misri, Francis alivuka bila silaha kwenda kuzungumza na Sultani al-Kamil. Hakuna aliyesilimu wala kubatizwa, lakini Sultani alimpokea vizuri, akarudi salama. Tena ukiona pango la Krismasi lenye ng'ombe na punda, kumbuka lile aliloandaa kijijini Greccio mwaka wa 1223. Ndilo lililoipa desturi hiyo nguvu.

Alifariki jioni ya Oktoba 3, 1226, karibu kipofu, akiwa na miaka 44 hivi. Aliomba alazwe juu ya ardhi tupu. Katika ule wosia alikuwa amewaonya ndugu zake wasikubali makanisa na nyumba zisizolingana na ufukara wao. Haya basi, miaka miwili haikuisha: Julai 1228 Papa Gregory IX akamtangaza mtakatifu, na kesho yake akaweka jiwe la msingi la kanisa kubwa la kumuenzi. Mwili ulihamishiwa humo mwaka wa 1230, ukafichwa vizuri hivi kwamba kaburi lilipatikana tena mwaka wa 1818. Leo mahujaji wanamiminika huko kutoka kila pembe ya dunia.

Mwaka wa 2013 Kadinali Bergoglio alipochaguliwa kuwa Papa alichukua jina Francis, kwa sababu ya maskini. Novemba 2015 akaja Nairobi, na miongoni mwa alikokwenda ni Kangemi. Hapo naona jina lilifanya kazi yake.

Kwa hivyo Oktoba 4, sikukuu yake, ukipita karibu na ile sanamu, tazama kinachokosekana. Ndege yupo. Yule mgonjwa hayupo. Kisha jiulize, bila kumwambia mtu: ni nani huyo ambaye wewe ukimwona tu unavuka barabara?